Namba Tisa Kwenye Kila Meza

Asubuhi ile Mama Mkubwa hakuniita kwa simu. Alifungua mlango wa ofisi yake mwenyewe, akasimama kizingitini na kunitazama vile anavyoitazama pampu iliyorudishwa na mteja.

"Wewe. Njoo hapa."

"Shikamoo, Mama."

"Utaniamkia ukishakaa."

Moyo ukanipasuka paa! Mama Mkubwa na mama yangu mzazi ni tumbo moja. Ndiye aliyenilea tangu sijui kufunga viatu, na ndiye mwenye kampuni hii ya pampu za maji ambayo mimi nakaa mapokezi yake. Nyumbani ni mama, kazini ni bosi, na kote kuwili sijawahi kumwona akikataa salamu. Akiikataa shikamoo yako, ujue mambo yameharibika.

Nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa. Yeye hakukaa. Alinyoosha kidole kwenye simu mpya iliyokuwa mezani, akauliza polepole. Mama Mkubwa akipayuka huna haja ya kuogopa. Ogopa akiongea polepole.

"Kwenye chombo hiki, nikibonyeza tisa nampata nani?"

Sasa hapa lazima nisimame kidogo niieleze hiyo tisa, la sivyo habari yangu itakuwa haina kichwa wala miguu.

Kwenye mtambo wetu wa zamani, kila aliyetaka kupiga simu nje ya ofisi alibonyeza tisa kwanza, akasubiri mlio, ndipo akaendelea na namba yake. Tulizoea hivyo sote, kuanzia Mama Mkubwa mpaka mfagizi. Mtambo mpya hautaki tisa ya mtu. Unapiga moja kwa moja. Tena una raha yake nyingine, namba za mkato. Unainua mkono wa simu, unabonyeza tarakimu moja tu, unatulia kidogo, na simu inampigia yenyewe mtu uliyemhifadhi pale. Mbili ni bohari, tatu ni madereva, nne ni benki, na kuendelea.

Aliyetufungia mtambo huo ni Fundi ambaye jina lake nikilitaja mashavu yanapata moto, kwa hiyo sitalitaja. Wenzangu walimbatiza Ngazi, maana muda wote aliokaa kwetu walimwona miguu tu, kichwa kikiwa darini kinavuta waya. Mimi nilibahatika kukiona kichwa. Siku ya kwanza kilishuka na utando wa buibui kwenye nyusi, kikaniuliza, "Samahani dada, wewe ndiye Kengele?"

"Nani kakwambia?"

"Wote. Wanasema hapa simu ikilia mara ya tatu hujaipokea, basi unaumwa."

Nikacheka. Na msichana wa mapokezi akishacheka na fundi siku ya kwanza, kazi ya siku tatu itachukua mwezi.

Alinifundisha kila kitu kwa upole. "Simu yako ndiyo simu mama," aliniambia. "Namba ukiiweka kwenye orodha ya wote, inaingia kila meza. Ukiiweka kwenye orodha yako, inabaki kwako peke yako. Hapa usichanganye hata siku moja."

Kumbe mchanganyaji ni yeye. Jumamosi, kazi ilipokwisha na watu wanafunga ofisi, aliinama juu ya meza yangu akasema, "Tisa iko wazi. Nikuwekee nani?"

"Mweke unayeona anafaa."

Akaanza kuingiza namba ya simu yake ya mkononi. Lakini macho yake hayakuwa kwenye kioo cha simu. Yalikuwa kwangu, na yalikuwa yametulia huko kama yamepanga chumba. Nami nilimtazama vilevile, kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyeona kidole kimegusa orodha gani.

"Simu ikileta shida, bonyeza tisa," alisema.

"Na isipoleta?"

"Bonyeza vilevile. Jumatatu asubuhi, uwe wa kwanza. Kuna jambo nimeamua, nataka ulisikie kabla ya basi la saa kumi jioni."

Basi hilo lilikuwa la kumpeleka mji wa mbali, kwenye mitambo mingine, kazi ya miezi mingi. Nilikuwa nimeshamwambia wazi kwamba mimi sitoroshwi. Mama Mkubwa amenibeba mgongoni, amenisomesha, amekesha na homa zangu. Akisema ndiyo, nami ni ndiyo. Akisema hapana, Fundi apande basi lake na asigeuke nyuma.

Jumatatu ikafika, na kwa bahati yangu mbaya kamba ya kiatu ikakatika njiani, nikachelewa. Mama Mkubwa, ambaye hufika ofisini kabla hata taa za barabarani hazijazimwa, aliinua simu ampigie mteja. Kidole kikakimbilia tisa kwa mazoea. Akasubiri mlio.

Hakupata mlio.

"Nimekuuliza. Nikibonyeza tisa nampata nani?"

"Mama, mimi..."

"Ngoja nikwambie mwenyewe. Nampata mwanaume. Sijasema hata halo, ananiambia," na hapo akakaza sauti kuigiza ya kiume, "'Kengele wangu, nilijua utapiga. Sijapata usingizi. Nimeamua. Siondoki hapa mpaka nimwone Mama Mkubwa wako nimweleze ninavyokupenda, hata akinifukuza na fimbo.' Mimi nina fimbo?"

"Huna, Mama."

"Nina fimbo mimi?"

"Una mwavuli."

Mdomo wake ukacheza kidogo upande mmoja, akaudhibiti. Mimi nilikuwa sijui nicheke, nilie au niingie chini ya meza. Alikuwa ameamua kuja! Hilo ndilo jambo lake! Katika aibu yote ile, moyo wangu ulisimama juu ya kiti ukapiga vigelegele.

"Ukamjibu nini?" nikauliza kwa sauti ya kuku mgonjwa.

"Nimekata. Ningejibu nini? Mtu mzima na mvi zangu, naitwa Kengele wangu asubuhi yote hiyo!"

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mhasibu, amekunja uso.

"Samahani, Mama. Hizi simu zimeingiwa na nini? Nataka benki, nampata Ngazi."

"Benki ni nne," nikamwambia.

"Najua ni nne! Kidole ndicho hakijui. Nimeshampata mara kadhaa. Bohari wamempata, madereva wamempata. Mfagizi alikuwa anamtafuta mwanawe, kampata yeye, wameongea mpaka habari za magoti." Akasita, akakuna sikio. "Lakini kijana ana adabu, jamani. Kila nikimpigia ananisalimu upya."

"Rudi kazini," Mama Mkubwa akamwambia. "Na ufundishe kidole."

Mhasibu hana ubaya wowote, nisije nikamsingizia. Ni mtoto wa rafiki yake Mama Mkubwa, msafi, mpole, kitambaa chake hukikunja pembe kwa pembe. Mama Mkubwa alikuwa ameshatupanga mimi na yeye ubavu kwa ubavu kama viti vya ukumbini. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetuuliza viti.

Mlango ulipofungwa, alisema, "Huyo ndiye mume. Kila nikiinua macho namwona kwenye kiti chake."

"Ndiyo, Mama. Na kiti nacho kinampenda."

"Usinifanyie mzaha!" Akapiga meza. "Umeona nini kwa huyo Ngazi wako? Mtu wa leo dari hii, kesho dari ile. Atakubeba kama begi la vifaa vyake, mkizunguka miji ya watu. Ukiumwa huko nani atajua? Ukijifungua nani atakushika?"

"Kila kazi ina mwisho. Atarudi."

"Hivyo ndivyo wanavyosema wote. Baba Mkubwa wako hakuwa anakwenda mbali. Chumba cha pili tu, ukuta mmoja kati yetu. Na bado ameondoka."  Akageukia dirisha. "Sasa nawe unataka kwenda mji wa mbali. Sawa. Mimi nibaki na pampu."

Kumbe ndiyo hiyo. Si ngazi, si dari, wala si Mhasibu na kitambaa chake. Mama yangu alikuwa anaogopa kuachwa. Hasira zote nilizokuwa nimezipanga kifuani zikaporomoka, na badala yake nikaona machozi yanakuja, nami si mtu wa kulia ovyo.

"Nenda kwenye simu yako," alisema bila kunigeukia. "Futa namba yake kila meza. Akija, mlinzi asimfungulie."

Nikasimama. 

"Nitaifuta, Mama. Ukisema futa, nafuta. Sijakukaidi tangu utoto na sitaanza leo. Ila sitakudanganya. Nampenda. Nikiifuta kwenye simu, kwingine haitafutika, na utaniona hapa kila siku napokea simu za watu huku mimi mwenyewe sina ninayemngoja."

"Utazoea."

"Wewe umezoea?"

Neno lilinitoka kabla sijaliuma.  Mama Mkubwa akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mnafuta kila kitu," alisema taratibu. "Mlipoleta hizi simu zenu mpya nilinyamaza. Mkachukua chombo changu cha zamani, na namba yangu moja mkaondoka nayo. Sikusema neno."

Hakuwahi kuitaja namba moja mbele ya mtu. Lakini mimi niliijua. Kwenye simu yake ya zamani, moja ilikuwa inapiga chumba cha pili, mezani kwa Baba Mkubwa, ambaye ndiye aliyeianzisha kampuni hii. Tangu afariki, chumba kile kimefungwa na ufunguo anao mkewe peke yake. Na mara nyingine alasiri, ofisi ikiwa imepoa, taa ya chumba kile iliwaka kwenye mtambo wangu. Nilisikia simu ikilia upande wa pili wa ukuta, kidogo tu, halafu taa ikazimika. Sikumwuliza. Kuna mambo mtoto haulizi.

"Mama," nikamwambia, "bonyeza moja."

"Hakuna kitu kwenye moja. Mhasibu aliposimamia mpango wa vyumba vya kuwekewa simu alikikata kile. Akasema hakina mtu, simu ya nini."

"Bonyeza tu."

"Sitaki."

"Mama yangu, nakuomba."

Aliutazama mkono wa simu muda mrefu. Kisha akauinua, akabonyeza, akatulia. Palepale, nyuma ya kabati la mafaili, upande wa pili wa ukuta, ikalia. Na si kile kimlio chembamba cha simu mpya. Ilikuwa kengele ileile ya zamani, nene, yenye mkwaruzo mwishoni, sauti ambayo Baba Mkubwa alikuwa akiikimbilia huku akisema, "Nakuja, nakuja, mke wangu, ukuta haukimbii."

Mama Mkubwa akakaa. Hakutazama hata kama kiti kipo, alikaa tu. Akaiacha ilie, ikalia, ikalia, na machozi yakamshuka bila kuyafuta.

Aliporudisha mkono wa simu, aliuliza, "Nani kafanya hivi?"

"Fundi."

"Nani kamfungulia mlango?"

"Hakufunguliwa. Aliniuliza chumba ni cha nani, nikamwambia. Na habari ya taa nikamwambia, nisamehe. Akasema kama mwenyewe amekifunga, yeye ni nani akifungue. Akapanda darini, akautafuta waya wa simu ileile ya Baba Mkubwa iliyopo mezani, akauunganisha na mtambo mpya. Alilala kifudifudi huko juu mchana kutwa. Aliposhuka alikuwa mweupe kwa vumbi kama mchoma chokaa."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema hiyo si ya kutangaza. Utaibonyeza siku ukitaka."

 Mama Mkubwa alikuwa anaipapasa ile simu mpya kwa kidole, ile ambayo tangu ifungwe alikuwa akiigusa kana kwamba ni kitu cha kuazima.

"Kumbe ulikuwa unaiona taa?"

"Nilikuwa naiona, Mama."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

"Na hukunicheka?"

"Nicheke nini? Nilikuwa nikiiona inawaka, natamani apokee."

Hapo machozi yakatushinda sote wawili. Nilizunguka meza nikapiga magoti, akanikumbatia kichwa kama zamani nilipokuwa nikianguka na kuchubuka. Harufu ya mafuta yake ya nywele ilikuwa ileile. Mlangoni mtu aligonga, akasikiliza, akaenda zake kwa adabu.

Alipopata pumzi, Mama Mkubwa alijifuta uso kwa mtandio, akauweka sawa begani, akawa tena bosi. Akainua mkono wa simu. Kidole kikaelekea tisa, na safari hii hakikupotea njia. Akawasha na spika nisikie.

"Habari za asubuhi," ikasema sauti ya Fundi, imechoka hoi. "Hapa si laini ya nje. Tafadhali usibonyeze tisa, piga namba yako moja kwa moja."

"Sitaki laini ya nje. Nakutaka wewe."

Kitu cha chuma kikaanguka upande wa pili.

"Shikamoo, Mama!"

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko hapa nje, Mama. Getini. Niko hapa muda."

"Unafanya nini getini kwangu?"

"Ile simu ya kwanza nilijua niliyemwambia ni wewe. Kengele angecheka. Aliyekata alivuta pumzi ya mtu mzima. Nikaona nimeshaharibu, bora nije nifukuzwe ana kwa ana."

Mama Mkubwa akanitazama. Mimi nikatazama zulia.

"Nasikia unataka kumchukua mwanangu. Umpeleke wapi?"

 Nikamwomba Mungu ampe Fundi maneno, maana kwa waya ni hodari lakini kwa watu wazima hugugumia.

"Sijui bado ni wapi, Mama, sitaki kukudanganya. Kazi yangu inanipeleka inakotaka. Lakini popote tutakapokaa, kwenye simu yetu namba moja itakuwa wewe. Na ukipiga itapokelewa."

Mama Mkubwa alifumba macho. Aliyafumbua polepole, akakohoa.

"Maneno hayo uliyapanga darini?"

"Mengine darini, Mama. Mengine hapa getini."

"Baba yako yuko hai?"

"Yuko hai, mzima."

"Ana simu?"

"Anayo."

"Basi ingia, uniwekee namba yake hapa kwangu. Namba nane iko wazi. Watu wazima tuna mazungumzo yetu, hatuwezi kuyaacha mikononi mwa watu wanaoshindwa kuangalia wanabonyeza nini."

 Upande wa pili kilisikika kitu kama mtu anayecheka na kulia kwa pamoja na kuziba simu kwa kiganja.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama! Asante, Mama!"

"Usinishukuru, sijasema ndiyo. Nimesema nane. Na hii tisa yako uiondoe kila meza kabla basi lako halijaondoka, la sivyo utakuja kuchumbiwa na Mhasibu."

"Na ya mapokezi, Mama? Niiondoe?"

Mama Mkubwa alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kile kiatu changu chenye kamba iliyokatika. Nilijua anaona yote, na usoni sikuwa na nguvu ya kuficha hata robo.

"Ya mapokezi hainihusu," alisema. "Muulize mwenye meza."

Akakata. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipokumbuka kugeuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Na kama kwa kusudi, simu ya mapokezi ikaanza kulia. Ikalia mara moja, mara mbili. Miguu yangu, kwa mazoea yake ya miaka, ikapinda kuelekea mezani. Lakini Mama Mkubwa alinipita, akavuta kiti changu, akakaa, akaweka miwani.

"Nenda," alisema, mkono wake ukiwa tayari juu ya simu. "Leo napokea mimi."

Nikatoka mbio kuelekea getini, kiatu kimoja kikiburuta kamba, na nyuma yangu nikaisikia ikilia mara ya tatu.